KWA NINI MHANDISI ANARUDI DARASANI?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Wanaozungumza ni Mwalimu, na Mzee mmoja ambaye ni fundi mwashi na mwanafunzi wa kisomo.

Kabla ya somo, msimamizi wa darasa aandike ubaoni maneno haya: mhandisi, muundo, mzigo, kanuni, utafiti, uzamili. Kila mwanafunzi awe na daftari, kalamu, kipande cha uzi na karatasi moja tupu.

MWALIMU: Hamjambo, wasikilizaji wetu? Karibuni tena katika somo letu. Mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Mlio nyumbani, kaeni pamoja na jamaa zenu, msikilize. Leo simo peke yangu humu chumbani. Ninaye mzee mmoja, fundi mwashi wa miaka mingi, aliyeingia darasa la kisomo mwaka jana. Mzee, shikamoo.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nanyi mnaotusikiliza, hamjambo?

MWALIMU: Mzee, hebu waeleze wenzako jambo lililokuleta.

MZEE: Ni barua, Mwalimu. Binti yangu ni mhandisi mjini. Wiki mbili zilizopita aliniletea barua, nami niliisoma mwenyewe, bila kumwita mtoto wa jirani anisomee. Ndiyo barua ya kwanza kuisoma maishani mwangu. Nilikaa nayo chini ya mwembe tangu adhuhuri hata jua likaanza kushuka. Lakini nilipoimaliza sikufurahi.

MWALIMU: Ilisema nini?

MZEE: Anasema anataka kuacha kazi arudi chuo kikuu, asome tena muda wa miaka 2. Anataka shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo. Anaomba ruhusa yangu na baraka. Mwalimu, mtoto huyu nimemsomesha kwa mwiko na timazi. Alikaa chuoni miaka 4. Sasa ndiye anayemlipia mdogo wake ada ya shule. Basi najiuliza: kama alikwisha fundishwa, anarudi kufanya nini? Fundi aliyefuzu harudi kubeba ndoo za zege. Je, hakufundishwa vema? Au kazi imemshinda?

MWALIMU: Hayo ni maswali mazuri, na wazazi wengi wanayo mioyoni ila hawayasemi. Leo tutayajibu polepole. Tuanze na neno la kwanza ubaoni.

Mhandisi wa miundo ni nani?

MWALIMU: Mzee, ukiitazama nyumba, ni kitu gani kinachoisimamisha?

MZEE: Msingi, nguzo, boriti, ukuta na kenchi za paa. Rangi na lipu ni mapambo tu.

MWALIMU: Vema. Mwili wa mtu una ngozi, na ndani una mifupa. Nyumba nayo ni hivyo. Ile mifupa yake ndiyo tunayoiita muundo. Daraja lina muundo, mnara wa maji una muundo, hata jukwaa la uwanja wa mpira lina muundo. Mhandisi wa miundo ni mtu anayehesabu kabla ya ujenzi: mzigo ni kiasi gani, utapita njia gani hata ufike ardhini, na kila nguzo iwe nene kiasi gani ili isivunjike.

Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kanuni. Tuseme anataka kupima boriti ya sakafu. Huhesabu uzito wa zege lenyewe. Huhesabu uzito wa watu na vyombo watakavyoweka humo. Kisha haridhiki na hesabu hiyo. Huongeza mzigo wa watu kwa nusu yake au zaidi kidogo, maana siku ya harusi watu huingia wengi kuliko siku zote. Ndipo anapofungua kitabu cha kanuni na kuchagua nondo.

MZEE: Nayajua hayo. Wahandisi huniletea ramani, nami nafunga nondo kama ilivyoandikwa. Sasa mtu akiwa na kitabu hicho cha kanuni, anakosa nini tena?

MWALIMU: Swali hilo ndilo kiini cha somo letu. Kanuni, Mzee, ni kama njia ya miguu porini. Ipo kwa sababu watu walikwisha pita hapo wakafika salama. Lakini ukienda mahali ambapo hapana mtu aliyewahi kupita, njia inakwisha. Hapo yakubidi uijue nchi yenyewe: milima iko wapi, maji yanatiririkia wapi. Shahada ya kwanza humfundisha mhandisi kuifuata njia. Shahada ya pili humfundisha njia hiyo ilipatikanaje, na inaishia wapi.

Daraja la Tacoma

MWALIMU: Nitawapa kisa cha kweli. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, lilijengwa daraja la kuning'inia kwa nyaya nene za chuma, kuvuka mlango wa bahari wa Tacoma. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940. Kutoka mnara mmoja hata wa pili palikuwa na mita 853. Lilikuwa jepesi na jembamba, njia mbili tu za magari.

Wahandisi walikuwa wamehesabu uzito wa magari, na walikuwa wamehesabu upepo unaosukuma kwa ubavu. Lakini tangu siku za kwanza daraja lilicheza kama kamba ya kuanikia nguo. Tarehe 7 Novemba 1940 ulivuma upepo wa mwendo wa kilomita 64 hivi kwa saa. Huo si tufani. Daraja likaanza kujinyonga, ubavu mmoja ukipanda na wa pili ukishuka, kisha kinyume chake. Mwisho likakatika, na sehemu ya katikati ikaanguka majini. Hapana mtu aliyekufa. Alikufa mbwa mmoja aliyebaki ndani ya gari.

MZEE: Walikosea hesabu?

MWALIMU: Hesabu walizozifanya zilikuwa za mambo yaliyojulikana na wengi wa wakati ule. Jambo ambalo hawakulitia katika hesabu ni hili: daraja jepesi likianza kujinyonga, mwendo wake wenyewe huugeuza upepo, na upepo huzidi kulisukuma. Mtoto aliye juu ya pembea hufanana na hayo kidogo. Huhitaji nguvu nyingi kumsukuma, mradi kila msukumo uje kwa wakati wake.

Baada ya ajali hiyo wataalamu walitengeneza mifano midogo ya madaraja, wakaipulizia upepo ndani ya vyumba maalumu, wakapima na kuandika. Kazi hiyo huitwa utafiti. Daraja jipya lilifunguliwa mahali pale pale mwaka 1950, pana zaidi na gumu zaidi, na hata leo linapitisha magari. Tangu hapo mhandisi wa daraja refu la kuning'inia sharti aupime upepo kwa namna mpya. Sasa sikilizeni vizuri: kanuni hiyo iliyo vitabuni leo haikuwamo mwanzo. Iliandikwa na watu waliorudi kuuliza.

Wanasoma nini?

MZEE: Kwa hiyo binti yangu atakwenda kusoma upepo?

MWALIMU: Upepo umo. Kuna somo zima juu ya mitikisiko: upepo, tetemeko la ardhi, mashine nzito, watu wengi wakitembea darajani. Kuna somo juu ya chuma na zege mpaka siku ya kuvunjika kwake. Shahada ya kwanza husema, "Usiipakie boriti zaidi ya hapa." Shahada ya pili huuliza, "Ikipakiwa zaidi, itavunjikaje? Itatoa ufa kwanza watu wakimbie, au itakatika ghafula?" Na kuna somo juu ya hesabu za miundo isiyo ya kawaida. Mzee, wewe umejenga miaka mingi. Je, liko jambo ambalo kila siku unaliona na hujui sababu yake?

MZEE: Lipo. Nyufa za madirisha. Ufa hauanzi katikati ya ukuta. Huanzia kwenye kona ya dirisha, ukaenda upande upande kama mstari wa mshazari. Nimeuona katika nyumba za matofali ya udongo, na nimeuona katika nyumba za matofali ya saruji. Siku zote ni kona.

MWALIMU: Umesema jambo kubwa. Tazama mto unaopita penye jiwe kubwa. Maji hayapiti ndani ya jiwe. Hulizunguka, na pale kando ya jiwe husongamana na kwenda mbio. Nguvu zilizo ndani ya ukuta nazo ni hivyo. Haziwezi kupita katika dirisha, maana pale ni pengo. Hulizunguka, zikasongamana penye kona. Ukuta ukishuka kidogo upande mmoja, au ukinywea unapokauka, mahali pa kwanza kuchoka ni pale penye msongamano.

MZEE: Alaa! Na linta je?

MWALIMU: Linta huubeba mzigo ulio juu ya dirisha, lakini haiondoi kona. Sasa tuseme tunataka kujua msongamano wa pale konani ni mara ngapi ya mahali pengine. Kanuni rahisi ya boriti haiwezi kutuambia, maana ukuta wenye tundu si boriti. Tufanyeje? Nikuulize: shamba lako lina umbo gani?

MZEE: Halina umbo. Upande mmoja ni mto, upande mwingine ni njia iliyopinda.

MWALIMU: Na ukitaka kujua ukubwa wake?

MZEE: Nitalikata kwa kamba vipande vipande vya mraba, vikubwa katikati na vidogo pembeni, kisha nitavijumlisha.

MWALIMU: Basi umekwisha ingia katika somo la uzamili! Wahandisi huugawa ukuta, au daraja, au paa lililopinda, katika vipande vidogo vingi sana. Kila kipande kina hesabu nyepesi. Kompyuta huviunganisha vyote na kutoa jibu. Penye kona hukata vipande vidogo zaidi, kama wewe unavyofanya kando ya mto. Njia hiyo ilipewa jina lake mwaka 1960 na mtaalamu mmoja wa Marekani, Ray Clough. Leo programu za kompyuta za kazi hiyo zipo hata katika ofisi ndogo. Lakini kompyuta hujibu swali lolote inaloulizwa, hata likiwa swali la kipumbavu. Mwenye elimu ya ndani ndiye anayeweza kulitazama jibu na kusema, "Hili si kweli."

Mwisho wa masomo, mwanafunzi hupewa kazi ya utafiti wake mwenyewe. Hutafuta swali ambalo halijajibiwa vema, hulifanyia majaribio au hesabu, kisha huandika kitabu. Huenda akamimina zege katika visanduku vya sentimita 15 kila upande, akalitunza majini siku 28, kisha akalibana ndani ya mashine mpaka livunjike.

MZEE: Alivunje makusudi?

MWALIMU: Makusudi kabisa. Afadhali livunjike mbele ya mwenye kalamu kuliko livunjike juu ya kichwa cha mtu. Na baada ya uzamili iko shahada nyingine, ya uzamivu. Mzamivu, ninyi watu wa pwani mwamjua, ni mtu hodari wa kuzama baharini akakaa chini muda mrefu. Shahada hiyo huchukua miaka 3 au zaidi, juu ya swali moja tu.

Jaribio la karatasi

MWALIMU: Sasa wanafunzi, chukueni ile karatasi tupu. Jaribuni kuisimamisha wima mezani. Imesimama? Haikusimama, imelala. Sasa ikunjeni iwe bomba, kama mwanzi, mnene wa vidole vitatu. Ifungeni kwa uzi. Isimamisheni. Kisha wekeni daftari juu yake, taratibu, katikati.

MZEE: Langu limesimama. Daftari liko juu.

MWALIMU: Karatasi ni ile ile. Hatukuongeza hata kipande. Tumebadili umbo tu: tumeipeleka karatasi yote nje, mbali na katikati, na sasa si rahisi kupinda. Mwanzi una uwazi ndani, na dhoruba huuyumbisha lakini hauvunjiki upesi. Shikeni jambo hilo, kwani nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja.

Mtu huyo aliitwa Fazlur Rahman Khan. Alizaliwa mwaka 1929 huko Bengal, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Khan alipata shahada yake ya kwanza ya uhandisi nyumbani kwao Dhaka, akafanya kazi kidogo, kisha mwaka 1952 akapata msaada wa masomo kwenda Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Katika miaka 3 alipata shahada mbili za uzamili, moja ikiwa ya uhandisi wa miundo, na juu yake shahada ya uzamivu.

MZEE: Miaka 3, shahada 3! Naye alikwisha kuwa mhandisi?

MWALIMU: Alikwisha kuwa mhandisi kama binti yako. Na utafiti wake wa uzamivu ulihusu boriti za zege, si majengo marefu. Lakini alikuwa amejifunza kuuliza. Alipoanza kazi mjini Chicago aliona kwamba majengo marefu ya chuma yanajengwa kwa msitu wa nguzo na boriti ndani yake. Jengo likizidi kwenda juu, si uzito tu unaolisumbua. Upepo nao hulisukuma, na chuma kinachotakiwa kuuzuia huongezeka mno, hata gharama zikawashinda wenye mali. Khan akauliza: je, nguvu zote zikipelekwa nje, jengo zima likawa kama bomba?

Pamoja na msanifu Bruce Graham na wenzao alijenga jengo la John Hancock mjini Chicago, lililokamilika mwaka 1969. Lina ghorofa 100 na urefu wa mita 344. Nje yake zipo nguzo kubwa za mshazari, zilizopishana kama herufi X. Sasa linganisheni. Jengo la Empire State la New York, la mwaka 1931, lilitumia chuma kilo 206 hivi kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Jengo la Khan lilitumia kilo 145 hivi. Yaani pale ambapo mwenzake alitumia kilo 10, yeye alitumia kilo 7.

Baadaye, katika mji huo huo, alibuni jengo la Sears, lililokamilika mwaka 1974. Hilo ni mabomba 9 yaliyofungwa pamoja, kama tita la kuni. Kuni moja hupinda, tita halipindi. Urefu wake ni mita 442, na halikupitwa na jengo lingine duniani hata mwaka 1998. Leo linaitwa Willis Tower.

Na liko jengo lake ambalo jamaa zetu wengi wamepita chini yake. Mahujaji wanaoshuka uwanja wa ndege wa Jeddah hupokewa katika jengo la mahujaji, lililokamilika mwaka 1981. Paa lake ni mahema meupe 210, yaliyovutwa kwa nyaya za chuma. Hewa ya joto hupanda na kutoka juu, na watu hupata kivuli na upepo. Khan alifariki mwaka 1982, akiwa huko huko Jeddah.

Mambo ambayo shahada haiponyi

MZEE: Mwalimu, nimependezwa. Lakini nina neno. Sisi hapa hatujengi ghorofa 100. Na hizi zetu ndogo zinaporomoka. Mwaka 2013 Dar es Salaam liliporomoka jengo lililokuwa likijengwa, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 liliporomoka jengo Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Je, wahandisi wangekuwa na uzamili, majengo hayo yangesimama?

MWALIMU: Sitaki kukudanganya, Mzee. Kwa majengo ya kawaida, kanuni za shahada ya kwanza zinatosha, zikifuatwa. Nikuulize wewe fundi: nyumba ya ghorofa huangushwa na nini?

MZEE: Saruji kidogo na mchanga mwingi. Maji mengi katika zege ili liwe rahisi kumimina. Nondo nyembamba mahali pa nondo nene. Mwenye nyumba aliyepewa ruhusa ya ghorofa chache, akaongeza nyingine. Na watu wanaochimba chini ya jengo ambalo lilikwisha simama.

MWALIMU: Umeyataja yote. Hayo hayatibiwi na shahada. Yanatibiwa na uaminifu, na ukaguzi, na mtu kukubali kusema "Hapana" mbele ya mwenye fedha. Lakini tuangalie upande wa pili. Jengo la zamani lina nyufa: libomolewe, au laweza kuimarishwa? Daraja lilijengwa kwa malori mepesi, leo yanapita mazito: litavumilia miaka mingapi? Mji umo katika nchi ya matetemeko: shule ijengweje? Maswali hayo hayana jibu jepesi kitabuni. Hapo ndipo anapoitwa mtu kama binti yako atakavyokuwa.

MZEE: Tena Khan mwenyewe alikaa huko huko ugenini. Lazima aende mbali?

MWALIMU: Si lazima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973, na kinayo shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo. Nairobi na Kampala pia elimu hiyo ya juu yapatikana. Uingereza kozi ya uzamili mara nyingi ni ya mwaka 1. Kwetu huwa karibu miaka 2. Na jambo jingine: si vema kukimbilia uzamili siku ile ile ya kumaliza shahada ya kwanza. Mtu akifanya kazi kwanza huenda chuoni na maswali yake mkononi. Binti yako amefanya kazi miaka mingapi?

MZEE: Miaka 5.

MWALIMU: Basi anayo maswali.

MZEE: Na mshahara utaongezeka akirudi?

MWALIMU: Hilo siwezi kukuahidi. Wengine huongezewa, wengine hapana. Miaka hiyo 2 itakuwa migumu kwenu, na ada ya mdogo wake ni jambo la kweli. Aulize kama yapo masomo ya jioni, ili asiache kazi kabisa. Aulize pia kama mwajiri wake atamsaidia.

Jibu la barua

MZEE: Mwalimu, nimekwisha amua. Kalamu ninayo. Nitaandika, na wenzangu waandike pamoja nami.

MWALIMU: Haya, wasikilizaji, fungueni daftari. Mzee atasoma polepole, nanyi andikeni.

MZEE:
Mwanangu mpenzi,
Barua yako nimeisoma mwenyewe.
Nilidhani kazi imekushinda. Sasa nimeelewa.
Nenda ukasome. Uliza kwanza kama yapo masomo ya jioni.
Ada ya mdogo wako ya mwaka ujao nitaitafuta mimi. Mikono yangu ingali na nguvu.
Ukirudi, unieleze ufa wa kona ya dirisha, tena kwa maneno ambayo fundi ataelewa.
Na nguzo usiipunguzie nondo ili kumfurahisha tajiri.
Ni mimi baba yako.

MWALIMU: Asante, Mzee. Hapo mwisho kabisa wataka kuongeza neno?

MZEE: Hapana. Nitaweka saini yangu. Zamani niliweka dole gumba.

MWALIMU: Wasikilizaji, somo letu limekwisha. Yajibuni maswali haya darasani, kisha yaandikeni majibu kwa sentensi kamili.

1. Muundo wa nyumba ni nini? Taja sehemu tatu za muundo.
2. Daraja la Tacoma lilianguka tarehe gani? Ni jambo gani ambalo halikuingia katika hesabu?
3. Kwa nini ufa wa ukuta huanzia penye kona ya dirisha?
4. Karatasi iliyokunjwa kama bomba inabeba daftari. Karatasi iliyonyooka haisimami. Eleza sababu.
5. Hesabu: jengo moja lilitumia chuma kilo 206 kwa kila mita ya mraba, la pili kilo 145. Tofauti ni kilo ngapi?
6. Taja mambo mawili yanayoangusha majengo, ambayo shahada haiwezi kuyaponya.
7. Zungumzeni darasani: kama ungekuwa wewe ndiye Mzee, ungemjibuje binti yako?

Kazi ya nyumbani: itazameni nyumba mnayolala. Tafuteni ufa mmoja. Chora mahali unapoanzia na mahali unapoishia, andika tarehe kando yake, kisha utazame tena baada ya mwezi mmoja kama umeongezeka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.